Gari la Mwaka Gani?

Sijui kuendesha gari. Jambo hili nimelikana muda wote niliofanya kazi katika maktaba ya kampuni ya migodi hapa Kolwezi, tena mbele ya watu waliokuja kuniuliza, kwa heshima zote, tofauti ya injini yenye karabureta moja na yenye karabureta mbili. Wakitaka kujua kwa nini Mama Bitabu, kama walivyoniita, anakwenda kazini kwa miguu, niliwajibu kwamba gari langu liko kwa fundi. Hakuna aliyeshangaa. Kolwezi nzima gari lake liko kwa fundi.

Nawaandikia ninyi mnaobaki katika kazi hii ya maktaba, ikiwa mnabaki. Mimi nimestaafu mapema kidogo kwa sababu maktaba yenyewe ilinitangulia: chumba cha kusomea sasa kimejaa matairi, na nilipokwenda kuaga ilinibidi nisimame mlangoni. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Sikuzielewa zilipokuwa zangu, sembuse sasa.

Nilitoka Lubumbashi na digrii ya fasihi, nikitazamia kukabidhiwa washairi. Aliyenipokea alikuwa Tata Mukendi (tata kwetu ni baba, au bwana), Mkasai mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye alianza kazi kama mshonaji wa vitabu na kuishia kuwa mkuu wa maktaba. Alinitazama, akatazama karatasi zangu, akanipa aproni na kisu chembamba.

“Citoyenne, kusoma unajua,” alisema, maana siku zile serikali ilitaka kila mwanamke aitwe hivyo, yaani raia. “Muzuri. Leo utajifunza kupasua.”

Nilidhani ananitania. Alichukua kitabu kinene cha pampu za maji, kipya kabisa, akakata uzi wa mgongoni na kukigawa vipande sita. Kila kipande akakivika jalada la karatasi ngumu na kuandika juu yake kwa mkono jina la sura.

“Kitabu muzima iko na musomaji mumoja,” aliniambia. “Kitabu ya bipande iko na basomaji sita. Weye ulisoma hesabu?”

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Hatukuwa na nakala nyingi, kwa hiyo kitabu kimoja kiliingia mjini vipande vipande: breki ziko kwa fulani, gia ziko kwa mwingine, umeme uko kwa mtu aliyehamia Lubudi na anaapa atarudisha kwa treni. Hasara yake niliiona baadaye. Mji ulijaa watu waliojua sura moja moja kwa undani wa kutisha, na walipokutana walibishana kama vipofu walioshika tembo, ila kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kuthibitisha.

Baada ya vita vya mwaka sabini na nane Wazungu wengi waliondoka wakiwa na begi moja moja, na mimi nikatumwa na mkokoteni kukusanya vitabu kwenye nyumba zao. Katika nyumba ya mhandisi mmoja nilikuta chumba kizima cha vitabu vya namna ambayo chuo kikuu hakikuwahi kunitajia. Vilihusu magari ya zamani ya mashindano, yale ya rali, yanayokimbizwa kwenye vumbi na matope huku dereva akisomewa njia na mwenzake wa pembeni. Kulikuwa na vitabu vya ufundi, vya kufungua na kufunga kila kitu. Kulikuwa na historia za gari moja, mwaka kwa mwaka, na picha za kila badiliko hata la kitasa. Vingine, na hivi ndivyo vilivyonishangaza kuliko vyote, vilimfundisha mpenzi wa magari kutofautisha gari la kweli la mashindano na lile lililopambwa lifanane nalo.

Sikujua niviweke wapi. Usafiri? Michezo? Historia? Nilimuuliza Tata Mukendi. Alifungua kimoja, akaona watu wazima wakibishana kwa kurasa arobaini juu ya rangi ya kiti.

“Weka ku dini,” alisema.

Niliviweka karibu na dini, na waumini wakaja. Wawili nitawataja. Tata Ilunga alikuwa fundi umeme wa malori makubwa ya shimo la Mashamba. Tata Kasongo alifundisha katika shule ya Kiprotestanti na alivaa tai hata Jumamosi. Kwa pamoja walimiliki gari dogo la Kifaransa ambalo aina yake sitaitaja, maana wapenzi wake wangali hai na wataniandikia. Walikuwa wamelitengeneza kutokana na magari matatu yaliyokufa. Kila mhandisi aliyekwenda likizo Ulaya alipaswa, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe na ambayo hakuna aliyewahi kuuliza iliandikwa wapi, kuwaletea kitabu kimoja. Vitabu hivyo vilirudi kwangu vimelowa grisi. Dawa yake ni hii: nyunyiza unga wa mahindi juu ya doa, weka uzito, kesho futa kwa kitambaa kikavu. Unga huleta mende. Dawa ya mende sikuipata.

Sasa nifike kwenye picha.

Mbele ya lango la garaji ya kampuni mama mmoja aliyeitwa Ngalula alikuwa akiuza chai na mikate ya kukaanga. Siku moja Tata Ilunga alikuwa anakula hapo, na kando ya sahani aliweka kipande cha kitabu alichokuwa ameazima siku hiyohiyo, sura ya mwisho ya historia mpya ya gari lile, iliyohusu mashindano ya Afrika. Mama Ngalula alikuja kufuta meza. Aliacha kufuta. Alichukua kile kipande, akaacha mafuta yakiungua motoni, akaja nacho hadi maktaba, na Tata Ilunga nyuma yake bado anatafuna.

“Mama Bitabu,” alisema, “picha hii banaipigaka lini?”

Ilikuwa picha ya nusu ukurasa. Gari limeinuliwa kwa jeki kando ya barabara ya vumbi, na fundi amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, uso umegeuka upande. Maelezo ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Niliyatafsiri kwa sauti: “Mafundi kazini, mahali fulani Afrika.”

“Mahali gani, mi siulizi. Nauliza lini.”

“Haikuandikwa, mama. Huyu ni nani?”

“Ni bwana yangu,” alisema Mama Ngalula. “Tshibangu.”

Tata Ilunga aliacha kutafuna.

Habari ya Tshibangu wote waliijua isipokuwa mimi, ambaye nilijua vitabu. Alikuwa fundi wa magari. Kabla ya vita alivuka mpaka kwenda Zambia na Mzungu mmoja mpenda rali, amtengenezee gari huko kwenye mashindano. Gari lilipinduka. Mzungu alirudishwa kwao akiwa amefungwa plasta, na msafiri mmoja akaleta Kolwezi viatu vya Tshibangu na habari kwamba fundi amefia hospitalini na kuzikwa na wenye mji. Ukoo ulikaa matanga. Ilibaki desturi ya mwisho, ya kumtoa mjane kifo: anyolewe nywele, kisha mdogo wa marehemu amchukue awe mke wake. Mama Ngalula alikataa. Alisema hawezi kunyolewa kwa ajili ya viatu. Tangu wakati huo hakuwa mke wala mjane. Hakuna mtu aliyejua amsalimie namna gani, na wateja wengine waliacha kununua mikate yake kwa kuogopa mkono wa mwanamke ambaye kifo hakijamtoka.

“Umemujuaje, mama?” nilimuuliza. “Uso hauonekani vizuri.”

Aliweka kidole kwenye bega la kushoto la yule mtu. Shati lilikuwa na doa jeusi kubwa.

“Mikono anafutiaka hapa. Siku zote hapa. Nilimupatia bitambaa, nilimugombeza, nilimulilia. Mi njo nilifulaka ile bega na sabuni.”

Kwamba ni yeye, basi, hatukubishana. Jambo lilikuwa lini. Kama picha ilipigwa siku zilezile za safari, kabla ya ajali, ilikuwa picha ya marehemu. Kama ilipigwa baadaye, ukoo ulimlilia mtu aliye hai.

Kesho yake alikuja shemeji yake, Kazadi, dereva wa lori kule Mashamba, mdogo wa Tshibangu. Nilitazamia mtu mkali. Alivua kofia, akaomba kuona picha, akaitazama muda mrefu.

“Mi siko mubaya, mama,” aliniambia. “Niko na bibi yangu mumoja na ananitosha, wakati mwingine ananipita. Lakini mama yetu anagonjwa. Anasema kaka yangu hatulii juu ya ile kazi sisi hatukumaliza, na ni yeye mama muguu inamuvimba. Wakubwa wameweka siku. Siku ile Ngalula atanyolewa, anataka ao hataki. Kama bitabu yenu inajua kitu, iseme mbele ya ile siku.”

Sijawahi kuulizwa na msomaji swali zito kama hilo. Chuoni nilifundishwa kuchambua mhusika mkuu. Hakuna aliyenifundisha kuthibitisha kama yu hai.

Jumamosi tulikutana maktabani: mimi, Tata Ilunga, Tata Kasongo, Kazadi, na Mama Ngalula aliyekaa karibu na mlango akiwa ameshika mkoba wake kama mtu anayesubiri treni. Nilitoa lenzi na kila kipande nilichoweza kukusanya. Wazo lilikuwa langu na nililijivunia kwa robo saa nzima: vitabu hivi vinasema kila badiliko la gari lilikuja mwaka gani, basi tutalisoma gari, na gari litatuambia mwaka wa picha.

“Angalia kalandre,” alisema Tata Ilunga, yaani ule wavu wa mbele wa gari. “Ni ile nyeusi. Nyeusi ilianza nyuma ya vita, kitabu inasema. Njo mwisho. Tshibangu ni muzima.”

Mama Ngalula alisimama.

“Kaa kwanza, mama,” alisema Tata Kasongo kwa upole. “Tata Ilunga, gari yetu sisi iko na kalandre ya rangi gani?”

“Nyeusi.”

“Na ilitoka ku fabriki, ku kiwanda, lini?”

“Zamani, mbele ya vita. Lakini ile ni kitu ingine. Ile tuliivalisha.”

“Na hii, nani anajua nani aliivalisha?”

Mama Ngalula alikaa. Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Kitasa cha mlango kilikuwa cha zamani, lakini kitabu cha ufundi kilisema viwanda vilimaliza vitasa vya zamani kwanza. Gurudumu lilikuwa jipya, lakini gurudumu, alisema Kazadi ambaye hakuwahi kusoma hata kipande kimoja, ndicho kitu cha kwanza mtu anachobadilisha. Nyumbani kwa waandishi wa vitabu vile pengine gari huzaliwa na kufa na mwili wake. Kwetu gari ni ukoo: limeoa, limerithi, limeazima. Mwanamume wa Kolwezi hawezi kuona gari pichani akaamini kwamba lote ni la mwaka mmoja. Ametengeneza mengi mno. Mzungu angejibu swali lile kwa dakika tano na huenda angekosea. Sisi tulijua kiasi cha kutosha kutojua chochote.

“Kwa hiyo alikufa ao hakukufa?” aliuliza Kazadi.

“Inategemea taa ya ubavuni,” alijibu Tata Kasongo.

Kitabu cha kutambua la kweli na la bandia kilisema hivi: usiamini kalandre wala kitasa, tazama bawa la mbele, juu ya gurudumu. Gari jipya lina taa ndogo hapo, na tundu lake lilikatwa kiwandani. Fundi wa kando ya barabara hawezi kulikata bila kuharibu bati. Taa ikiwapo, picha ni ya baada ya vita. Isipokuwapo, ni ya kabla. Wote wanne tuliinamia lenzi na kugongana vichwa.

Mahali pa taa palikuwa na kichwa cha Tshibangu.

“Ata ku picha anajificha,” alisema Kazadi, na Tata Ilunga alicheka kisha akajuta.

Mama Ngalula alikuja, akaweka jicho kwenye lenzi, akatugeukia. “Munataka kuniambia uzima ya bwana yangu iko nyuma ya kichwa yake?”

Tata Kasongo alifungua ukurasa mwingine, kisha mwingine.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka, na si kwa sababu ya magari. Nilishindwa kujua nimtakie nini yule mama. Mume akiwa amekufa, atanyolewa na kupewa mwanamume ambaye naye hamtaki. Akiwa hai, basi aliiona barabara ya kurudi Kolwezi na hakuipita. Nilijaribu kuomba, nikakuta sijui niombe kipi, nikaomba umeme usikatike.

Kilichotusogeza mbele kilitokana na uvivu. Vipande vya mwisho vya vitabu, vile vyenye faharasa na shukrani, havikuwa na picha, na hakuna mtu aliyeviazima. Tata Mukendi aliviita mikia na kuvitupa kwenye droo moja. Nami nilikuwa nimeahidi kila mwaka kuipanga. Nilitafuta mkia wa kitabu kile, na katika shukrani, kati ya mke wa mwandishi na mbwa wake, kulikuwa na mstari mmoja unaoshukuru karakana moja ya Kitwe, upande wa Zambia, kwa kuwaazima mafundi waliosaidia kupiga picha za Afrika. Mwaka, hapana. Mimi niliulizwa lini, na kitabu kikanijibu wapi. Vijana, hili mtalikuta mara nyingi. Pokeeni tu.

Niliandika ombi la kupiga simu Zambia “kwa ajili ya kuhakiki tarehe ya picha”. Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma, kama alivyotia sahihi vitu vyote. Opereta wa simu wa kampuni alipata laini kupitia Lubumbashi siku moja kabla ya ile siku ya wakubwa, asubuhi, nasi tukakimbia: mimi, Mama Ngalula na unga mikononi, na Kazadi katika nguo za kazi.

Simu ya opereta ilikuwa ile ya kizamani, yenye kisikio cha pili kinachoning’inia nyuma ili mtu mwingine asikilize bila kusema. Kazadi alipewa hicho, pamoja na karatasi yenye namba ya karakana. Mimi nilishika mkono wa simu. Kule Kitwe mtu alijibu kwa Kibemba, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu, na baada ya sentensi tatu nilimsikia anachoka. Nilimwomba kama kuna yeyote hapo anayejua Kiswahili cha Kongo. Alisema ngoja, yupo mmoja. Alipaza sauti kuita jina ambalo sikulijua. Nilimpa Mama Ngalula simu, nikabandika sikio langu karibu na lake. Alinukia mafuta ya kukaangia. Tulisikia nyundo, tukasikia hatua.

“Alo?”

Mama Ngalula alishika simu kwa mikono miwili.

“Alo? Nani kule? Museme, laini itakatika.”

“Tunatafuta Tshibangu,” alisema polepole. “Fundi. Mutu wa Kolwezi.”

Nyundo iligonga mara kadhaa, kisha mtu akaambiwa anyamaze.

“Hapa hakuna mutu wa jina ile, mama.”

“Hakuna?”

“Hakuna.”

“Sawa, tata. Asante.”

Lakini hakuweka simu chini, na yule naye hakuweka. Pumzi yake tuliisikia wazi, kana kwamba yuko chumba cha pili.

“Ile mutu,” alisema mwishowe. “Mama yake angali muzima?”

Mama Ngalula alimtazama Kazadi. Kazadi alikuwa amefumba macho, kisikio amekikandamiza hadi sikio limepauka.

“Angali,” alijibu. “Muguu njo inamusumbua.”

“Ile ya kuume?”

“Ile ya kuume.”

“Bon, sawa,” alisema yule mtu, na laini ikakatika.

Opereta aliuliza kama turudishiwe laini. Kazadi alihangaika kutundika kisikio kwenye ndoano yake, kikamponyoka mara mbili. Alivaa kofia, akaivua. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayemwona mara ya kwanza na hajui aanze na salamu gani.

“Sasa weye ni nani kwetu?” alimuuliza.

Mama Ngalula alikuwa anapangusa unga kwenye simu kwa pembe ya kitambaa chake.

“Umuulize yeye,” alisema. “Numero uko nayo.”